Moto wa Keziah Rudkin

Wapendwa waombolezaji, ndugu na marafiki mliofika Braunston leo kwa gari na kwa mashua, mimi ni Desmond, mkwe wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, kwa sababu mke wangu Lorna amesema akiishika karatasi hii yeye, atasoma na yasiyoandikwa.

Marehemu Keziah Rudkin, binti wa Amos na Rhoda Tolley, alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 karibu na Coventry, ndani ya mashua ya wazazi wake ya kubeba mizigo mferejini, katika kibanda cha nyuma ambacho mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na kesho yake safari ikaendelea, kwa kuwa makaa ya mawe hayamsubiri mzazi.

Kuhusu elimu, marehemu alipita shule nyingi kuliko mkaguzi, siku moja hapa, nusu siku pale, wakati baba yake akisubiri kupakua, na kila alipoingia alikalishwa nyuma, dirisha likafunguliwa, watoto wa nchi kavu wakaziba pua, "Mchafu wa mferejini huyo!", mwalimu akajifanya hakusikia, basi akaacha akiwa na miaka kumi, akashika usukani.

Tarehe 3 Juni 1961 alifunga ndoa na Wilf Rudkin katika kanisa hilihili, na mwezi Septemba 1962 wakajaliwa mtoto wao wa kwanza, Alfie. Baridi ya mwaka ule iligandisha mfereji, mashua yao ikakwama kwenye barafu wiki baada ya wiki, tani nzima nzima za makaa ya mwenye mali zikiwa chini ya turubai, na Wilf, kwa uaminifu uliomponza, alikataa kuyagusa, akawasha jiko kwa kuni mbichi alizokata ukingoni, kibanda kikajaa moshi, mtoto akakohoa, na tarehe 9 Februari 1963 akafariki. Makaa yalifika salama, na mwenye mali alishukuru.

Kazi ya mizigo ilipokufa walihamia nyumba ya kupanga, Lorna akazaliwa humo mwaka 1966, Wilf akafanya kazi kiwandani, lakini marehemu hakuzoea kulala mahali pasipotikisika, na mwaka 1984 walinunua mashua yao wenyewe, wakaifunga ukingoni mwa mfereji, Berkhamsted. Humo kazi hazikuwa na sikukuu: kuchokoa jivu na kulitoa kwa ndoo, kuvuta mpira wa maji na kujaza tangi kabla bomba halijaganda, kubeba kasha la choo kwenda kulimwaga, kusugua shaba, jioni kushindilia grisi kwenye mhimili wa pangaboi la mashua ili maji yasiingie taratibu watu wakiwa usingizini, na kila baada ya miaka michache kuipandisha mashua nchi kavu na kuipaka lami tumboni. Kuanzia Oktoba hadi Aprili jiko lake halikuzimwa, usiku alilifunika kwa makaa, alfajiri akaliamsha, maana mashua ni chuma, na chuma kikishapoa kinakunywa joto la mtu.

Wilf alifariki mwaka 2006, na Lorna akaanza kumbembeleza.

"Mama, hama, uje ukae na sisi."

"Nije kwenu nifanye nini, mwanangu, nimwagilie maua ya plastiki?"

Mwaka 2015 zilijengwa ghorofa ukingoni, watu wakalipia mandhari, na marehemu akiwa ndani ya mandhari hayo walimpiga picha sana, hadi upepo ulipogeuka. Mwezi Novemba 2018 Bwana Piers Lathbury wa ghorofa ya kwanza aliteremka ukingoni, na tunajua alichosema kwa sababu Gus Sketchley, mwenye mashua ya kuuza makaa, alikuwa hapo akipakua magunia.

"Bibi, usinielewe vibaya," alisema kwa upole wake, "moshi wako unaingia chumba cha mtoto. Anakohoa."

"Mkubwa huyo mtoto?"

"Bado mchanga."

Gus alimwambia, "Keziah, achana naye, huo moshi hata nzi haumfukuzi," naye akajibu, "Gus, mtoto ni mtoto," akaingia ndani, akalizima jiko.

Hakutuambia. Kila tulipopiga simu alisema kuna joto tele, tukaamini kwa kuwa ilitufaa kuamini. Aliendelea na kazi zake, akafuta hata jiko lisilo na moto, na tarehe 24 Januari 2019 Gus aliporudi na mzigo mpya aliyakuta magunia ya zamani juu ya paa, hayajafunguliwa, naye marehemu kitandani na koti na viatu vyake. Alipelekwa hospitali akiwa na nimonia, na tarehe 2 Februari akafariki, na kwa siku zote hizo alimuuliza Lorna jambo moja: "Mtoto wa pale juu, bado anakohoa?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakuchoka, tunamshukuru Gus, aliyembeba mgongoni hadi barabarani, na wenzake wa mferejini, wanaoilinda mashua hadi leo.

Tunawashukuru pia majirani wa ghorofani. Wiki iliyopita Lorna alipanda hadi kwao, kutimiza neno la mama yake, akamjulia hali mtoto, na Bi Lathbury akashangaa, "Mtoto gani, dada? Sisi hatuna mtoto. Chumba kile Piers anawekea baiskeli." Bwana Lathbury, maua yako tumeyapokea, ni mazuri, nawe tunakuona, umekaa safu ya nne.

Pumzika, mama. Hakuna mtoto aliyekuwa akikohoa.