Kimeng'enya Alichomwaga Profesa

Waombolezaji wapendwa, majirani wetu wa Kamwokya, na wewe Profesa Wangila uliyejichagulia kiti cha mbele bila kualikwa, mimi Amony, mdogo wa marehemu, nawasomea wasifu wake kwa niaba ya familia.

Dada yetu Adoch alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 katika kambi ya polisi ya Nsambya, mtoto wa kwanza wa marehemu Koplo Saverio Ocira, akasoma shule ya msingi pale pale, akapata shahada ya kemia mwaka 1992, na tarehe 5 Agosti 1995 akaolewa na shemeji yetu Bonny Okot, wakajaliwa binti mmoja, Alum, ambaye naye ni mtu wa maabara.

Mwaka 1997 aliajiriwa na Profesa huyu huyu, kuchunguza kimeng'enya kimoja cha ubongo chenye maumbo mawili, moja huelea kwenye majimaji, jingine limeng'ang'ania utando wa seli na halitoki mpaka utie sabuni ya maabara. Profesa, na tai yake shingoni, alisaga ubongo wa maiti kwa maji ya chumvi tu, akamwaga kwenye sinki mashapo yaliyobaki na lile umbo la pili, akaenda kutangaza mkutanoni eti kimeng'enya hicho kwa watu wetu kina umbo moja. Jamani, moja! Adoch alitia sabuni, akaliona la pili, akamweleza kwa adabu zote, na shukrani yake ikawa kufukuzwa kazi tarehe 3 Juni 2009.

Mwaka 2021 alianza kusahau, kwanza sufuria jikoni, kisha majina, mwishowe Bonny mwenyewe akawa mgeni kwake, ila kabla akili haijamtoka aliagiza ubongo wake upimwe atakapofariki. Alituaga tarehe 9 Februari 2025, na kabla hatujakauka machozi Profesa akatokea mochwari na sanduku la barafu, hata pole hakutoa, akitaka ubongo wa mtu aliyemwita mjinga. Hana haya!

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mulago, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliothubutu kuja.

Kuhusu ubongo, tulimkabidhi Alum, naye juzi, huku akilia, alimpima mama yake kwa sabuni, na maumbo yote mawili yakaonekana. Profesa, sanduku lako liko getini, ondoka nalo tupu.

Adoch, dada yangu, pumzika sasa, ulisema kweli.