Alama za Chaki za Mama Pindo

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za nyumbani, muongeze sauti ya redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Wengi wenu mmevaa nguo zake. Wengine mlipishana naye barabarani, akapiga kengele, mkampisha. Tunamkumbuka Mama Pindo.

Mama Pindo alituaga wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Jina hilo alipewa na wateja, maana hakuna nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake ikiwa na pindo lililokwenda upande. Lakini nguo zake mnazijua. Leo tunazungumzia baiskeli yake.

Turudi nyuma miaka kumi na miwili. Mama Pindo ana miaka hamsini na tisa. Narudia, hamsini na tisa, umri ambao wengine wetu tunaanza kuchagua kiti chenye mto. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja, meza ya kukatia vitambaa, na cherehani cha kukanyaga kwa miguu. Redio iko juu ya kabati la nyuzi, na ilikuwa kwenye stesheni hii, tunashukuru. Miguu yake imevimba. Viatu havifungiki. Sukari iko juu, na ngazi tatu za mlangoni kwake anazipanda kwa vituo.

Daktari hakupindisha maneno. Alimwambia, "Mama, usipoushughulisha mwili huu, mwaka kesho cherehani utakiacha."

Akarudi nyumbani. Mume wake ni fundi bomba mstaafu, tunayemwita Mzee Koki. Mzee Koki anatuambia hivi: "Alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akaniuliza, nikiacha cherehani nitakuwa nani? Akalia. Katika ndoa yetu yote nimemwona analia mara mbili, na ya kwanza ilikuwa vitunguu."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani, wasikilizaji wapendwa. Kazi yake. Sukari ilimtisha, ndiyo, lakini kuachishwa kazi na miguu yake mwenyewe kulimtisha zaidi.

Kutembea kulimuumiza magoti. Daktari alikuwa ametaja baiskeli. Na baiskeli ilikuwepo, tena ndani ya nyumba. Kitinda mimba wake, alipohamia mji mwingine kikazi, aliacha baiskeli yake ya milimani kwenye korido. Miaka minne ilikuwa inaanikiwa taulo. Mama Pindo akaziondoa taulo, moja moja, akazikunja. Kisha akasema maneno ambayo familia nzima inayajua kwa moyo: "Miaka thelathini na mmoja nakanyaga pedali na sijafika hata kwenye kona. Ngoja nikanyage inayokwenda."

Mzee Koki akashangaa. "Mama watoto, wewe na baiskeli wapi na wapi?"

"Hata mimi na wewe watu waliuliza wapi na wapi," akamjibu.

Kuendesha alijua tangu usichana. Shida ilikuwa baiskeli yenyewe. Ilitengenezwa kwa mawe na matope, si kwa lami. Tairi zake zilikuwa pana, zenye vipele, zinanguruma barabarani na kumnyonya nguvu. Uma wa mbele ulikuwa na springi, na kila alipokanyaga, ulizama na kuinuka. Siku ya kwanza alifika kwa kinyozi, nyumba ya nne kutoka kwake, akashuka akihema. "Hii baiskeli ina adabu kupita kiasi," alimwambia kinyozi. "Kila nikikanyaga inapiga goti."

Akaikokota hadi kwa fundi baiskeli wa pale kona, kijana wa makamo anayeitwa Spoku. Spoku akatoa tairi za vipele, akaweka nyembamba laini. Akatoa uma wa springi, akafunga uma mgumu. Akainua usukani ili mgongo wa mama usiinamie. Akafunga kengele, taa, na keria ya nyuma ya kubebea nguo za wateja. Kisha akashusha kiti chini kabisa. Alidhani anamsaidia mtu mzima asiogope.

Mama Pindo akavua futi lake shingoni. "Suruali haikatwi kwa kukisia, mwanangu." Akajipima mguu kwa ndani hadi kwenye kisigino, akalaza futi kwenye baiskeli, na kiti kikapanda vidole vitano. Magoti yakaacha kugonga tumbo. Spoku mwenyewe anakiri: "Nilikuwa na miaka kumi na mitano kwenye hii kazi, na sikuwahi kumpima mteja. Sasa hivi ninavyoongea na wewe, nina futi shingoni."

Msidhani kila kitu alikipatia. Cheni ilipoanza kulia, Mama Pindo alifanya kosa ambalo ni fundi cherehani peke yake angelifanya. Akachukua kile kichupa cha mafuta ya cherehani, akaimwagia cheni yote. Mafuta yale ni mepesi mno kwa cheni. Akapanda kwa raha zake, blauzi nyeupe ya mteja ikiwa kwenye keria. Alipofika, blauzi ilikuwa na mstari wa madoa meusi, na mgongo wake nao. Akarudi, akakata kitambaa kipya, akaishona upya blauzi nzima. Kwa Spoku alikwenda kichwa chini. Spoku akampa mafuta mazito ya cheni, akafunga madigadi mbele na nyuma, akamwambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mama." Mama Pindo akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa tufike kwenye kilima. Mtaa wao unaanzia kwenye tambarare, halafu barabara inapanda mpaka kwenye tangi la maji. Mama Pindo aliweka nadhiri kwamba siku atakayofika kwenye tangi bila kushuka, atajua miguu ni yake tena. Akawa anapanda kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Na kila aliposhindwa, hakurudi hivihivi. Alitoa chaki ya fundi mfukoni, ile bapa nyeupe ya kuchorea vitambaa, akachora mstari mfupi kwenye ukingo wa barabara. Kama kusema, hapa ndipo nimeishia.

Mstari wa kwanza, kwa kinyozi. Baada ya wiki tatu, kwenye duka la rangi. Baada ya miezi miwili, kliniki ya meno. Mvua ikifuta, anachora tena palepale, bila kujiongezea hata shubiri. Watu wa mtaa wakaanza kuufuatilia mstari. Kinyozi alikuwa anawauliza wateja, "Mama amefika wapi?" Daktari wa meno alitoka nje na koti lake jeupe kuuangalia. Naye Mama Pindo, gauni lake la kazi alilipunguza kiunoni, akalipunguza tena, mpaka mara nne. Ngazi tatu za mlangoni zikarudi kuwa ngazi tatu tu.

Mwezi wa saba tangu aanze, siku moja ya Jumamosi, alipita geti la bluu la nyumba iliyo karibu na kilele, akapita nyumba ya mwisho, akafika kwenye tangi. Hakushuka. Mzee Koki alikuwa amemtangulia kwa miguu, na alianza safari mapema sana, maana na yeye si mwepesi. Anasema mkewe alilizunguka tangi mara mbili, akipiga kengele, ndipo akasimama. Akamuuliza kwa nini hachori mstari. "Sijaishia hapa," akasema. Akageuza, akateremka, akamwacha mzee wa watu na kilima chake.

Ng'ombe hazeeki maini, wasikilizaji wapendwa. Mama Pindo alishona miaka kumi na miwili baada ya siku ile ya daktari. Narudia, kumi na miwili. Aliahidiwa mmoja.

Lakini kipande ninachokipenda mimi ni hiki cha mwisho. Miaka miwili iliyopita moyo wake ulianza kuchoka. Asubuhi moja akashuka kabla ya tangi, kwenye geti la bluu. Mtu mwingine angeirudisha baiskeli korido. Mama Pindo akatoa chaki, akachora. Miezi ikapita, mstari ukashuka hadi kliniki ya meno. Akachora. Kisha duka la rangi. Akachora. Mwanawe alikuja kumtembelea, akaona ile mistari inarudi chini, akashindwa kujizuia, akamuuliza, "Mama, hii nayo unachora ya nini?"

Mama akamwambia, "Mwanangu, pindo hupandishwa na pindo hushushwa. Yote ni kazi ya fundi." Akampa chaki aishike, akapanda baiskeli yake.

Mstari wake wa mwisho uko kwa kinyozi, palepale alipoanzia. Aliuchora siku nne kabla ya kulazwa. Kinyozi ameuwekea kibao juu ili mvua isiufute. Na gauni la mwisho alilolishona alilikamilisha jioni ya siku hiyohiyo, pindo na yote.

Kwa Mzee Koki, kwa watoto, kwa wajukuu, kwa Spoku na mtaa mzima, tunasema poleni sana. Mmepoteza mtu wa raha. Nasi huku studio tumepoteza msikilizaji aliyekuwa akipiga simu kutusahihisha saa.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa umekaa, angalia kwenye korido yako. Kuna nini pale umekianikia taulo?

Jana asubuhi nilipita mtaa ule. Mstari mweupe upo, chini ya kibao chake. Mbele yake, hatua chache baada ya kinyozi, kuna mwingine, mpya, wa chaki ya bluu, umechorwa na mkono ambao haujazoea. Nikamuuliza kinyozi ni wa nani. Akaendelea kunoa wembe wake. "Wa Mzee," akasema. "Kiti wamemshushia vidole viwili. Spoku alimpima kwanza."