Lori Lililoshuka Kimya

Ukungu wa Kilema hauondoki wote mara moja. Asubuhi unaondoka kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumba moja baada ya jingine, mgomba kwa mgomba, mpaka benchi letu linatokea pale barabarani kama vile limewekwa sasa hivi. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, kando ya mfongo unaoleta maji ya baridi kutoka juu msituni. Mimi hukaa mwisho wa ubao na jiko langu la mkaa, birika la kahawa na vikombe sita, mwanangu Goodness akiwa amelala mgongoni. Asubuhi hiyo, ng'ambo ya barabara, lilikuwa limesimama lori analoendesha mume wangu Shedrack, limejaa ndizi, mawe manne yamewekwa chini ya matairi. Jana yake saa nane mchana breki zilimkatalia kwenye kona ya kanisani, hatua mia moja juu ya benchi. Alilisugua lori kwenye ukingo wa udongo mpaka likapunguza mwendo, likaja kusimama hapo. Mwenye lori, Mzee Elisaria wa Moshi mjini, alikuwa amempa mpaka saa sita mchana aseme breki zina nini hasa. Akishindwa, funguo zinakwenda kwa dereva mwingine.

— Gereji wanasemaje? akauliza Basili, ambaye sisi tunamwita Injinia. Aliwahi kuosha magari kwenye gereji moja mjini kwa miaka miwili, na ovaroli waliyompa bado anaivaa hata kwenye harusi.

— Wanasema tubadilishe mfumo mzima, akajibu Shedrack. Milioni mbili na laki tatu.

— Mfumo mzima! Mwezi wa pili walisema nini?

— Silinda ya breki.

— Wa tatu?

— Lainingi, zile za kubana.

— Wa nne?

— Dramu. Hiyo uliyoikalia ndiyo waliyoitoa.

Injinia akanyanyuka, akaitazama, akakaa tena. Dramu ni chuma kizito cha duara kinachokaa ndani ya gurudumu. Breki hubana humo mpaka gurudumu lisimame. Shedrack alikuja nayo nyumbani ili Mzee Elisaria aone kweli imebadilishwa, na tangu hapo imekuwa kiti cha Injinia.

— Wamekupiga, akasema Injinia. Ugonjwa wenyewe ni hewa. Hewa ya Kilema ni nyepesi, inajipenyeza kwenye mipira ya breki. Ukishuka inakutana na joto la Moshi, inavimba. Wewe unakanyaga breki, kumbe unakanyaga puto.

— Na dawa yake?

— Unajaza hewa ya mjini kwenye tairi la spea, unapanda nayo. Ukifika kona ya kanisani unaifungulia kidogo kidogo, lori lizoee.

Shedrack hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili tangu nimpe na hakuwa amekinywa. Niliona Injinia anamtazama, na nikajua kwamba ile ya spea aliitoa ili mwenzake acheke kidogo. Akajaribu tena.

— Au ubebe pumzi zangu. Mke wangu anasema nimejaa upepo.

— Hilo umesema kweli, akadakia Salvina.

Salvina anauza maziwa, na jina lake la kijiweni ni Redio. Alikuwa ameshusha ndoo yake, akanimiminia maziwa kidogo kwenye kikopo cha Goodness bila kusema neno, kama afanyavyo kila siku, halafu akafunika ndoo haraka utadhani kaiba.

— Hakuna cha hewa, akaendelea. Hiyo dramu mimi naijua. Niliiona Holili.

— Dramu unaijuaje, Redio?

— Ina sura. Niliiona mpakani mwaka juzi, imepakwa rangi nyeusi, inauzwa mpya. Kabla ya hapo ilikuwa kwenye basi. Nakwambia mlima huu wote una dramu nane tu. Mafundi wanazizungusha. Leo inafungwa kwako, kesho inafungwa kwa mwingine, unalipa wewe, analipa yeye, na dramu yenyewe inatembea kuliko sisi sote.

— Kwa hiyo nimekalia dramu ya basi?

— Umekalia mzururaji.

Meku Sifael akakohoa. Yeye ni mzee wa hapo jirani, meku kwa lugha ya huku, na tunamwita Meku Ukungu kwa sababu hatoki kwake mpaka ukungu upande. Alikuwa amekaa upande wa jua. Nilidhani anaota jua, lakini kila jua liliposogea naye alisogea, na kivuli cha koti lake kikabaki juu ya uso wa mwanangu.

— Lori haliumwi, akasema taratibu. Linasinzia.

Hakuna aliyembishia. Meku ukimbishia anaanza upya.

— Linapanda tupu, linashuka limejaa. Ukungu wa huku ni mtamu, ndizi zinanukia. Likifika kona ya kanisani macho yanakuwa mazito. Dereva anakanyaga, lenyewe liko ndotoni.

— Linaota nini, Meku? nikauliza.

— Mabogini. Mashamba ya mpunga. Maji yametulia, yana mawingu ndani yake. Hakuna kilima hata kimoja. Linaota linakwenda, linakwenda, halina haja ya kusimama.

Nadhani kila mmoja alikuwa ameshafika Mabogini. Mimi niliyaona yale maji kabisa, nikamwona Shedrack ameweka kiwiko dirishani, anaendesha polepole juu ya mawingu, na hakuna mtu anayemngoja saa sita. Mfongo ulikuwa unapita nyuma yetu kwa sauti yake ileile ndogo.

— Ni saa ngapi? akauliza Shedrack.

— Tano na robo, akasema Redio, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Hapo ndipo alipokuja sista. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua na amebeba mfuko wa mchicha, anatembea katikati ya barabara kama mtu asiyeogopa magari.

— Tumsifu Yesu Kristo.

— Milele amina, tukajibu.

Alisema anaitwa Sista Monica, ana wiki mbili tu tangu ahamie kwa masista wa hapa juu, na kwamba ndiye anayeendesha lori lao dogo la kubebea mahindi na kuni. Injinia akasimama mara moja, akaifuta dramu kwa mkono wa ovaroli.

— Karibu ukae, sista. Kiti cha wageni.

Sista hakukaa. Aliinama, akaigeuza dramu, akapitisha kidole ndani yake. Nami nikatazama. Kulikuwa na nyufa nyembamba nyingi, na moja ndefu iliyofika ukingoni.

— Kwani nani huwa anamwagia maji haya magurudumu? akauliza.

Redio akaangalia ndoo yake. Meku alikuwa bado yuko Mabogini. Shedrack akasema:

— Maji gani, sista?

Kweli hakujua. Kila siku akishuka saa nane husimama hapa, hushuka upande wake, anaingia moja kwa moja nyumbani nyuma ya benchi kumtazama mtoto akilala. Magurudumu huwa yanafuka moshi, yananuka kama nywele zilizoungua. Mimi huchota ndoo ya maji ya mfongo na kuyamwagia, moja baada ya jingine. Yanasema shaaa, mvuke unapanda mpaka kwenye migomba, nami huwa najisikia kama nimemvua mtu viatu baada ya safari. Hata jana nilimwagia.

— Mimi, nikasema.

Wote wakanigeukia.

— Yalikuwa ya moto sana, nikasema. Nilikuwa nayapoza. Niliona kama yanaumia.

Sista hakunikaripia. Alichukua kikombe changu mwenyewe, kilichopoa, akanipa ninywe.

— Chuma cha moto hakitaki maji ya baridi, mama. Kinapasuka. Kikishapasuka breki inashika hapa, inaachia pale. Unaweza kufunga mpya kila mwezi, kila mwezi zitapasuka. Mafundi hawakuuliza?

— Walituuliza tuna shilingi ngapi, akasema Shedrack.

— Basi ngoja niulize kitu kingine. Yanapataje moto wote huo kabla hata ya kufika katikati ya mteremko? Unashuka na gia namba ngapi?

Shedrack akaitazama barabara. Injinia, ambaye anajua gia zote za dunia, akamgeukia.

— Jibu, mzee. Namba mbili? Tatu?

— Frii, akasema Shedrack.

Injinia akashika kichwa. Hata mimi ninajua maana ya frii. Ni gia isiyoshika chochote. Injini haizuii lori hata kidogo, breki peke yake ndiyo inabeba ndizi zote na lori lenyewe.

— Frii! Na mzigo! Dizeli anaweka Mzee Elisaria, wewe unambania nini?

— Si dizeli.

— Sasa ni nini?

Shedrack akaweka kikombe chini. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyonayo huwa anayatoa kwangu tukiwa wawili.

— Gia nzito inaunguruma, akasema. Kutoka kanisani mpaka hapa inasikika ndani ya nyumba. Saa nane ndiyo saa ya Goodness kulala. Mama yake naye hulala kidogo kabla sijafika, maana usiku halali, mtoto anaota meno. Nikaona nishuke kimya.

Nilikuwa nimeona kwamba lori lile haliniamshi. Mwenzangu hunigusa bega tu, naamka, naona yupo. Nilidhani ni lori lenye adabu. Sikuwahi kuuliza.

Redio akajifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akasema kwa ukali:

— Mmelibomoa lori la watu kwa mapenzi. Ninyi wawili mfungwe.

— Mpigie Mzee, akasema sista. Mwambie mwenyewe, kama ulivyotuambia.

— Atanifukuza.

— Pengine. Lakini breki zitakuwa zimejulikana.

Akapiga. Aliweka simu katikati ya benchi, sauti ikiwa wazi, sote tusikie.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Saa sita bado. Umepata jibu?

Shedrack akamwambia yote. Alisema aliyeshuka na frii ni yeye, na aliyemwaga maji ni yeye pia. Nikasogea kwenye simu.

— Shikamoo, baba. Maji nilimwaga mimi.

Injinia akainama karibu na simu.

— Kwa hiyo, akasema Mzee Elisaria, mimi nimenunua silinda, lainingi na dramu, ili mtoto alale.

— Ndiyo, mzee.

— Na analala?

— Analala vizuri sana, mzee.

Tulisikia anavuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mjini, pikipiki na mtu anayeita wateja.

— Hizo ndizi hamishieni gari jingine leo, zisiivie hapo. Fungua magurudumu yote. Dramu iliyopasuka nitanunua nyingine. Ambayo haijapasuka ibaki. Gereji ile usiniletee tena, hao hawajui kuuliza. Na wewe, Shedrack, nikisikia tena umeshuka kimya, funguo nakuja kuzichukua mwenyewe, kwa miguu. Umenielewa?

— Nimekuelewa, mzee.

— Mtoto anaota meno mangapi?

— Mawili, baba, nikasema.

— Mpe kitu cha baridi atafune, akasema, na simu ikakatika.

Walifanya kazi mpaka jioni. Injinia alishika jeki kwa heshima kubwa na hakuzungumza tena habari za hewa. Redio aliita wanawake wenzake, wakahamisha ndizi mkungu kwa mkungu hadi kwenye gari la jirani anayeshuka mjini. Meku Sifael alipewa kazi ya kuhesabu nati, akazipanga kwenye benchi kama mtu anayepanga mbegu za kahawa. Sista alikunja mikono ya gauni lake, akawa anapitisha kidole ndani ya kila dramu. Mbili zilikuwa zimepasuka. Mbili zilikuwa nzima.

Sikuwa na cha kufanya ila kuchemsha kahawa nyingine, na kila mtu aliponirudishia kikombe alisema asante kama vile mimi sikuwa nimeharibu kitu.

Alhamisi iliyofuata lori lilikuwa limefungwa dramu mbili mpya, na Shedrack alipanda kuchukua mzigo. Saa nane kasoro nikamlaza Goodness kitandani, nikaketi karibu naye mlango ukiwa wazi. Ukungu ulikuwa umeanza kurudi. Migomba ilikuwa imesimama ndani yake bila kutikisika, na kwa muda dunia nzima ilikuwa kimya, kimya ambacho siku zote nilikipenda na siku hiyo kilinitisha.

Kisha nikaisikia. Mwanzo ilikuwa mbali, juu ya kanisa, sauti nene ya injini inayojizuia. Ikaja kwenye kona. Ikanguruma, ikavuta, ikanguruma tena. Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Goodness akafumbua macho, akakunja uso, akalia kwa nguvu zake zote.

Sikumbembeleza upesi. Nilimbeba nikasimama naye mlangoni, analia kwenye sikio langu, injini nayo inalia kule juu, nikawasikiliza wote wawili.