Kocha Nafasi, Aliyetufundisha Kucheza Bila Mpira

Ndugu, jamaa, majirani na wanasoka wenzangu, aliyenituma nisome wasifu huu ni dada yangu, mjane wa marehemu. Ameniagiza mambo mawili: nisijisifu, na nisiendeleze ubishi wangu na mumewe mbele ya kaburi lake. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Marehemu, ambaye karibu wote hapa tulimjua kama Kocha Nafasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi seremala na mkewe, mkunga. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana ya baba, na vumbi la mbao lilikuwa likiingia hadi kwenye chai. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, lakini hakuchelewa kuwaelekeza wengine pa kukaa. Kabla hajaanza shule alikuwa tayari anawapanga kaka zake mezani, na aliyesogea alirudishwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza sekondari mwaka 1971. Darasani alikuwa wa katikati, si wa kusifiwa wala wa kusemwa. Uwanjani, tuseme ukweli maana marehemu hakupenda kupambwa, alikuwa hovyo. Mwalimu wa michezo alimjaribu winga, akamjaribu beki, akamjaribu golini, mwishowe akamkabidhi mabegi ya wenzake ayalinde. Hapo kwenye mabegi ndipo alipoanza kuutazama mpira kwa makini. Siku moja, baada ya timu kuchapwa vibaya, alimwendea mwalimu akamwambia, "Mwalimu, tatizo si mbio. Wote wanaufuata mpira, hakuna anayeusubiri." Mwalimu akamjibu, "Na wewe unajuaje? Umewahi kuugusa?" Swali hilo alikuja kuulizwa maisha yake yote, na watu wenye vyeo vikubwa kuliko mwalimu yule.

Mwaka 1974 alihitimu chuo cha ufundi, akaajiriwa fundi bomba katika kiwanda cha soda. Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, na kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wachache, naye alisajiliwa. Alicheza mechi tatu. Katika ya tatu alimpasia mpinzani mpira mzuri sana, pengine pasi nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, na mpinzani akafunga. Mama yake, aliyekuwa jukwaani, alimpokea nyumbani kwa upole akamwambia, "Mwanangu, kazi ni nyingi duniani." Akarudi pembeni ya uwanja na spana zake mfukoni, akawa anawaambia wenzake pa kusimama. "Nafasi! Nafasi!" Jina likapatikana hapo. Kocha alipohamia kwingine mwaka 1982, msimamizi wa kiwanda alimwita akamwambia, "Si wewe unayepiga kelele kila siku? Haya, shika wewe."

Mimi nilijiunga mwaka uliofuata, nikiwa na miaka ishirini na mmoja na mguu wa kushoto ambao, samahani dada, ulikuwa unasifika. Magazeti baadaye yaliniita Mchawi wa Kushoto. Marehemu aliniita Mvivu, na mnajua wenyewe lipi kati ya majina hayo limebaki.

Siku yangu ya kwanza aliuchukua mpira akaufungia stoo. "Leo mnacheza mechi nzima bila mpira," alisema. "Mimi nitawaambia ulipo." Tulitazamana. Akaanza: beki kulia anao, kampa kiungo, kiungo kageuka, wewe Mvivu mbona umesimama, mpira unakuja upande wako. Tulikimbia kama watu waliochanganyikiwa, tukipiga hewa kwa mateke. Tulifanya hivyo kila Jumanne. Baada ya miezi kadhaa akaacha kutuambia mpira ulipo, nasi tukaendelea kucheza.

Alasiri moja nilipokea pasi isiyokuwepo, nikampita mtu, nikafunga goli lisilokuwepo, nikakimbia kushangilia. Beki wetu wa kulia, dereva wa lori la kiwanda, akanyoosha mkono: "Ameotea huyo." Nikarudi. "Nimeotea wapi? Wewe ndiye uliyekuwa umelala kule nyuma." Golikipa akaja amefura: "Mnabishania nini wakati mimi nimeudaka?" Tukashikana mashati. Mlinzi wa getini alikimbia kumwita msimamizi, akamwambia vijana wamerukwa na akili, wanataka kuuana na hakuna sababu inayoonekana. Wakati huo marehemu alikuwa amekaa kwenye nyasi anacheka hadi machozi. Alipoinuka alisema, "Umeotea, Mvivu. Kidogo tu, lakini umeotea." Katika zogo lile lote hakuna hata mmoja wetu aliyesema mpira haupo. Alisimulia jambo hilo kwa furaha hadi mwaka huu.

Kuhusu ndoa yake, mimi ni shahidi wa kwanza. Mwaka 1984 alikuja nyumbani kwetu kumshtakia baba kwamba nakosa mazoezi. Aliyefungua mlango ni dada yangu, fundi cherehani, sindano zikiwa bado mdomoni. Mashtaka yale yalikuwa ya kweli. Lakini mwezi ule alirudi kunishtaki mara kadhaa, nami sikuwa nimekosa hata siku moja. Baba alinigombeza kila safari, hadi mama alipomwambia, "Mwache mtoto. Huyu kocha hajamfuata yeye." Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985. Kwenye sherehe bwana harusi aliinuka kuwahamisha wageni waliojazana upande mmoja wa ukumbi, na bibi harusi akamvuta koti akamkalisha. Kwa jinsi walivyoishi, hiyo ndiyo ilikuwa siri ya ndoa: mmoja anapanga watu, mwingine anampanga yeye.

Klabu ilipanda ligi kuu mwaka 1986, wachezaji tukaanza kulipwa kwa mpira na si kwa soda tena. Na hapo ndipo ulipoanza ubishi wetu, kila Jumapili, mezani kwa dada yangu. Mimi nilisema mpira ni kipaji, mtu huzaliwa nacho, na kocha kazi yake ni kupanga koni na kukunja sura. Yeye alisema kipaji bila mpango ni maji bila bomba: yanamwagika tu, na watu wanateleza. Alinipangia ushahidi kwa vikombe. Dada alipochukua kikombe kimoja amimine chai, alilalamika, "Mama watoto, umemtoa beki wangu." Dada akamjibu, "Beki wako atajazwa chai kama wenzake."

Mwaka 1991 tulichukua ubingwa. Kwenye tafrija mwenyekiti wa klabu alitutaja wachezaji mmoja mmoja, akanisifu mimi kupita kiasi, kisha akasema, "Kwa vijana hawa, hata mpishi wetu angechukua kombe." Watu walicheka. Mpishi naye alicheka. Mwezi uliofuata marehemu alishukuriwa na kuagwa, akaletwa kocha mwingine mwenye suti nzuri. Na msimu uliofuata, ndugu zangu, tukachukua kombe tena.

Mnaweza kudhani hilo lilinipa mimi ushindi mezani. Nililitumia, ndiyo. Lakini yeye lilimwingia mahali ambapo sikupajua. Alirudia ufundi bomba, na mwaka ule mtaani kwao hakukuwa na bomba hata moja lililovuja, maana alitengeneza hata yaliyokuwa mazima. Asubuhi moja, akiwa amepiga magoti chini ya sinki, alimuuliza mkewe, "Hivi mimi pale nilifanya nini? Si niliwakuta wanajua?" Mkewe akamwambia asiseme upuuzi. Hakusema tena kwa muda mrefu, ila mkewe alijua kwamba swali halijaondoka.

Baadaye mwaka 1992 alichukua timu ya kiwanda cha matofali, iliyokuwa mkiani mwa daraja la pili. Hakukuwa na kipaji hata cha kuazima. Golikipa wao alikuwa na tabia ya kufumba macho mpira unapokuja. Marehemu hakumwambia ayafumbue. Aliwapanga mabeki vizuri ili mpira usimfikie. Walipanda daraja, na mwaka 1994 tukakutana nao nusu fainali ya kombe, shemeji kwa shemeji. Mimi nilifunga goli ambalo mpaka leo watu wananisimamisha njiani kuniuliza. Wao walifunga mawili, magoli ya kawaida kabisa, ya kugusa tu, yasiyo na hata hadithi. Jumapili ile nikamwambia, "Watu wanalizungumzia langu." Akajibu, "Wacha walizungumzie. Sisi tunajiandaa na fainali." Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini pale mezani kila mtu aliamini ameshinda. Nilipoondoka, alimwambia mkewe, "Vijana wamecheza. Mimi nilikaa benchi tu." Fainali walifungwa, kwa faida ya wanaotaka kujua.

Mwisho wa mwaka huo goti langu la kushoto liliharibika, na klabu ikaniaga kwa maneno yale yale iliyoyatumia kumuaga yeye. Hakuna timu iliyonipigia simu. Marehemu alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni. "Kesho saa kumi, mazoezi. Njoo na hilo goti lako." Nilimchezea misimu mitano, hadi mwaka 1999. Gazeti moja liliandika kwamba kipaji hakizeeki. Nililipeleka mezani Jumapili kama ushahidi, akalisoma lote akasema, "Wameandika vizuri." Alistaafu ukocha mwaka 2013.

Alianza kuugua figo Januari 2021. Alitibiwa kwa muda mrefu, na hakuwa mgonjwa wa kununa. Wodini aliwashauri wauguzi wabadilishe vitanda viwili ili njia ya kupita iwe pana. Walikataa, kisha wakabadilisha, kisha wakamshukuru. Hali yake ilizidi kuwa mbaya mwezi Mei mwaka huu, na alfajiri ya Jumapili, tarehe 4 Juni 2023, aliaga dunia akiwa na miaka sabini, mkewe akiwa amemshika mkono. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, na wote mliokuja kumwona, hata wale mliokuja na kukaa upande mmoja wa kitanda.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, yaani binti mkubwa ambaye ni mhasibu, kijana ambaye ni fundi bomba kama baba yake, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, wakwe wawili, wajukuu saba, ambao hakuna hata mmoja anayejua kupiga mpira, jambo ambalo babu yao alisema halimzuii mtu, ndugu zake watatu, na wachezaji wa timu mbili waliosimama hapa leo, wengine kwa mikongojo. Ameniacha na mimi.

Hapo wasifu ungeishia. Lakini dada ameniruhusu nieleze mazungumzo yetu ya mwisho, ya Jumamosi mchana, siku moja kabla hajaondoka.

Nilipofika hospitali dada alinizuia kwenye korido. "Leo usimbishie," alisema. "Kuna kitu kinamla, na mimi kanishinda." Ndipo akanieleza habari za chini ya sinki, na za benchi, mambo ambayo nimewasomea hapa kana kwamba niliyajua siku zote. Niliumia sana. Mtu niliyedhani ana uhakika kuliko sisi sote alikuwa amebeba swali lile kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila Jumapili mimi nilikuwa namwongezea.

Nikaingia, nikakaa. "Shemeji, nimekuja kukubali," nikamwambia. "Ni kocha."

Akanitazama. "Daktari amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Amekwambia. Wewe hujawahi kukubali jambo bure." Akapumzika kidogo. "Hata hivyo nimefikiri, na wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Ni kipaji. Mlikuwa mnajua. Si mlichukua kombe bila mimi?"

"Tulichukua kwa mpango wako. Yule wa suti alikuta chakula kimeiva, akapakua."

"Hayo ni maneno ya wodini."

"Ni ya kweli."

"Kipaji, Mvivu. Acha ubishi."

"Kocha, shemeji. Acha wewe."

Muuguzi alichungulia kuuliza kama kuna tatizo. Dada, aliyekuwa mlangoni, alimwambia hakuna, ila hawa wamebadilishana magoli, baada ya mapumziko huwa hivyo. Tukacheka sote, naye alicheka, lakini niliona kwamba sijamjibu. Kumkubalia mgonjwa si jibu. Basi nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu.

"Shemeji, goti lilipoharibika, kipaji kiliondoka nalo. Sikuwa na mbio tena, na mguu wa kushoto haukunisikiliza. Gazeti lilikosea. Uwanjani nilikuwa nasimama pale uliponifundisha kusimama, na mpira ukanikuta. Basi. Misimu mitano nimecheza hivyo, nimelea watoto wangu kwayo. Unauliza ulifanya nini? Hiyo mitano ni yako yote. Mimi humo sikuwa na changu."

Machozi yalimlengalenga, nami pia, na sioni aibu kulisema hapa. Kisha akageuza uso kwenye mto akasema polepole, kwa sauti ile ile ya pembeni ya uwanja:

"Minne. Ule wa mwisho ulikuwa hovyo."

Dada anasema usiku ule alilala vizuri kuliko usiku wowote tangu alazwe.

Mungu akupokee, shemeji, na akupe pumziko jema. Lakini ilikuwa mitano.