Ezell Pruitt, Aliyefunga Milango ya Tolliver

Wasifu huu nimeuandika mimi, Imogene Pruitt Tate, dada yake mdogo, na nitausoma mwenyewe leo Jumamosi, tarehe 17 Januari 2015, katika Kanisa la Baptisti la Mlima Nebo, hapa Detroit. Niliupeleka kwa mpiga chapa tangu Jumatano, kwa hiyo asiseme mtu kwamba ni kilio kilichonipanda kichwani. Mchungaji aliniomba niwe mfupi na mpole. Mfupi nitajaribu.

Marehemu Ezell Pruitt alizaliwa tarehe 9 Aprili 1941, nje kidogo ya Marianna, Arkansas, mtoto wa kwanza wa Hosea na Arvella Pruitt, waliolima pamba katika shamba la mtu mwingine. Baba yetu alifariki mwaka 1951. Mwaka uliofuata mjomba Roscoe, ndugu yake mama, akaja kutuchukua kutuleta hapa Detroit na gari lake, Tolliver Cardinal jeusi, na majirani wote wakatoka kulitazama. Tulipokwisha kupanda, mjomba akamwambia Ezell afunge mlango. Ezell akaubamiza kwa nguvu zake zote, kama mlango wa banda la kuku. Mjomba akashuka, akaufungua tena, akausukuma kwa kidole kimoja. "Hili ni Tolliver, mjomba," akamwambia. "Linafungwa mara moja." Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja siku ile, na mlango ule haukumtoka moyoni mpaka anakufa. Laiti ungemtoka.

Maneno hayo hayakuwa ya mjomba Roscoe. Yalikuwa tangazo la kampuni, yamebandikwa kila ukuta wa mji huu: "Funga mara moja." Ndugu wawili wa ukoo wa Tolliver, waunda mikokoteni, ndio walioyaanza mambo mwaka 1909. Wakati wa vita waliunda injini za vifaru, na vita vilipokwisha Amerika nzima ikataka kuonekana ndani ya Cardinal. Nusu ya watu tulioketi humu kanisani tumelelewa na mshahara wa kampuni ile, na sikatai. Aliyekula hakatai. Lakini na aliyeliwa apewe nafasi aseme.

Marehemu alimaliza shule ya sekondari hapa Detroit mwezi Juni 1959. Alikuwa hodari wa kuchora, na alichochora ni magari tu. Mwalimu mmoja aliyatazama yale magari, akamsifu mkono wake, kisha akamwambia kwa upole kabisa kwamba watu wetu pale Tolliver hawachori, wanamwaga chuma. Ezell alituhadithia jioni ile huku anacheka. Mama hakucheka.

Na kweli, alipoajiriwa Septemba 1961 katika Kiwanda cha Mashariki, alipelekwa tanurini, mahali walipopelekwa weusi wote. Miaka saba alirudi nyumbani nyusi zimeungua. Chama cha wafanyakazi kilipogombana na mabwana mpaka wakakubali, ndipo mwaka 1968 akahamishiwa kwenye milango. Ilikuwa kazi ya kuuning'iniza mlango, kuukaza, kuufunga, na kumwachia mwenzake gari lisogee. Siku ya kwanza alitupigia simu wote, mmoja mmoja, kama aliyepata mtoto.

Mtoto wa kwanza alikuwa amekwisha kumpata. Tarehe 13 Juni 1964 alimwoa wifi yangu mpenzi, Verlene Stokes. Baba mkwe, mzee Stokes, alifanya kazi katika kampuni shindani, na nusura harusi ivunjike kwa sababu Ezell alikataa bibi harusi afike kanisani ndani ya gari la wapinzani. "Kijana, unamwoa binti yangu au unaoa kampuni?" mzee Stokes akamuuliza mbele za watu. Ezell akajibu, "Mzee, binti yako ndiye anayeolewa na kampuni." Watu wakaangua kicheko. Verlene alikuja kwa miguu, viatu mkononi, ili mabwana wale wawili wapate kunyamaza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Dwight na Rochelle.

Sasa nifike kwenye uchungu. Miaka ya sabini kampuni ilianza kuukimbiza mstari, ule mkanda unaosogeza magari. Magari yalipita mbele ya wafanyakazi upesi kuliko mikono yao, na mlango usiokaa sawa ulikalishwa kwa nyundo ya mpira. Ezell alilalamika. Msimamizi wake akamwambia, "Pruitt, unalipwa kuning'iniza milango, hulipwi kuisikiliza." Basi akaning'iniza. Kila mtu kiwandani alijua kinachotoka pale, na kila mtu aliwaonya wa kwake. Ndugu akitaka gari, Ezell alimchagulia la Jumatano. La Jumatatu liliundwa na watu wenye vichwa vizito, la Ijumaa na watu ambao macho yao yalikwisha kuiona wikendi. Magari ya Ijumaa waliuziwa watu tusiowajua. Nao walikuwa na watoto wa kupakia humo.

Kisha yakaja magari ya Wajapani, na kampuni ikatuambia adui ni hao. Nadhani wengi wenu mnaikumbuka pikiniki ya chama, Julai 1982, pale bustanini. Waliburura gari dogo la Kijapani, wakaliweka katikati ya nyasi, ukilipa dola moja unapewa nyundo ulipige. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya mbavu za kuchoma. Ezell alipiga mlango mpaka shati likamganda mgongoni. "Mwonyeshe, Pruitt! Mvunje!" wakawa wanapiga kelele. Alipochoka akaiweka nyundo chini, akakishika kitasa cha ule mlango uliobonyea, akaufungua, akaufunga polepole. Ukashika mara moja. Akaufungua tena, akaufunga tena. Kelele zikapungua. Leotis Hargrove, rafiki yake wa mstari mmoja, akamuuliza, "Vipi, bwana, unataka kulinunua?" Ezell akakiachia kitasa. Alikwenda kuketi na sahani yake ya saladi ya viazi na hakuigusa.

Nasema hivi mjue kwamba kaka yangu hakuwa mjinga. Aliusikia ukweli kwa masikio yake akiwa na miaka arobaini na mmoja, kisha akaufungia mlango. Dwight aliponunua gari la Kijapani mwaka 1994, baba yake alisimama barazani akamwambia, "Hilo lisikanyage kwangu." Dwight akaliegesha mtaa wa pili, na kwa miaka ishirini akawa anatembea kwa miguu kwenda kumwamkia baba yake, mvua na theluji. Marehemu hakuwahi kuliingia. Ilijulikana kabisa kwamba gari la Dwight liliundwa Ohio, na wavulana wa Ohio, na kwamba Cardinal ya mwisho ya Ezell, ya mwaka 2004, iliundwa Meksiko baada ya Kiwanda cha Mashariki kufungwa. Niliwahi kumchokoza: "Kaka, hiyo yako ni ya Jumatano?" Akaniambia, "Genie, ya huko siwezi kujua. Sijui Ijumaa yao ikoje." Akacheka, mimi nikacheka. Leo sioni ilichekesha wapi.

Marehemu alistaafu mwaka 1999. Walimpa kitasa cha mlango kilichopakwa rangi ya dhahabu, kimebandikwa kwenye ubao. Mwaka 2006 kiwanda kikabomolewa, na alikwenda kila asubuhi na kiti chake cha kukunja kutazama. Mwaka 2009 kampuni ikafilisika. Serikali ikaiokoa, yaani sote tulitoa fedha zetu. Ikaamka, ikajipangusa, ikaanza tena kutangaza magari, lakini kitu cha kwanza ilichokitupa njiani ni bima ya matibabu ya wastaafu wake. Ezell alikuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Alianza kukata vidonge vyake katikati ili vimfikishe mwisho wa mwezi, na alimficha Verlene. Hata hivyo hakuruhusu mtu aitukane kampuni mezani kwake. "Nyumba hii nani kaijenga?" alikuwa akiuliza. Wewe, kaka. Wewe ndiye uliyeijenga.

Jumatatu iliyopita, tarehe 12 Januari, asubuhi, Dwight alikwenda kuwaondolea wazazi wake theluji mlangoni. Alimkuta baba yake amekaa ngazini, mkono kifuani. Verlene alipiga simu, akaambiwa barafu imezua ajali mji mzima na gari la wagonjwa litachelewa. Haya yaliyofuata nimeambiwa na Verlene na Dwight, kila mmoja peke yake, na hayakupishana.

"Baba, twende na langu," Dwight alimwambia. "Injini ina moto tayari."

"Langu lipo."

"Baba, tafadhali. Leo tu."

"Nimesema langu lipo."

"Ezell!" Verlene akamkemea. "Mwachie mtoto akupeleke!"

"Anipeleke. Funguo zangu hizo hapo."

Nani angembishia? Mtu mwenye moyo mgonjwa hagombezwi. Dwight akamtia kwenye Cardinal, akaubamiza mlango mara tatu ndipo ukashika. Verlene akafuata nyuma na gari la Dwight. Kwenye taa za barabara ya Gratiot, Cardinal ikazimika. Ni gari ambalo kampuni yenyewe ilikwisha kuliita mara mbili likatengenezwe, na mara mbili ikalirudisha ikisema sasa liko sawa. Dwight alizungusha ufunguo mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akambeba baba yake mikononi, akampitisha kwenye barafu, akamlaza kiti cha nyuma cha lile gari lililokatazwa. Akafunga mlango.

"Umefunga?" Ezell akauliza.

"Nimefunga, Baba."

"Hukurudia."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya marehemu. Daktari alitupokea kwa heshima, akatueleza kwamba kama wangefika mapema kidogo pengine tungekuwa tunazungumza mengine. Alifariki asubuhi hiyohiyo, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Jumanne Leotis Hargrove, ambaye sasa ni mwenyekiti wa wastaafu wa Tolliver, alinipigia simu. Nampenda Leotis, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema.

"Dada Imogene, pole. Sasa kuhusu msafara. Unaijua mila yetu. Mwenzetu akizikwa, nyuma ya jeneza ni Tolliver tupu. Mengine yafuate mkiani."

"Na hizo Tolliver zenu, Leotis, ngapi zitafika makaburini bila kusukumwa?"

"Usifanye mzaha, dada. Ezell mwenyewe angetaka hivyo."

"Najua angetaka. Na kampuni imetuma nini?"

Kampuni haijatuma hata ua moja. Maua yote mnayoyaona mbele yenu ni ya kanisa, ya chama, na ya wajukuu.

"Basi na huyo kijana?" Leotis akaniuliza. "Dwight."

Hilo ndilo swali. Tangu Jumatatu, Dwight anaegesha gari lake mtaa wa pili na kuja msibani kwa miguu. Hali chakula. Jumanne nilimwekea kuku na mboga, vikapoa. Ameniambia, "Shangazi, ningembeba kwa nguvu tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyezungusha ule ufunguo." Ameniambia pia kwamba leo atakwenda makaburini kwa miguu, asiutie aibu msafara wa baba yake. Na wapo watu, ninawajua na wanajijua, wanaonong'ona jikoni kwamba yule mtoto alimsaliti baba yake kwa Wajapani na Mungu amewaonyesha.

Mimi ndiye mkubwa wa ukoo sasa, kwa hiyo nisikilizeni. Dwight hakumuua baba yake. Alimtii. Alimtii miaka ishirini na akamtii asubuhi ile, na kama kuna aliyekosa, ni wale waliochukua mikono ya kaka yangu miaka thelathini na minane, wakamfundisha kulipenda jina lao kuliko roho yake, kisha wakamwuzia gari lisilowaka. Kaka yangu alikuwa mwaminifu. Alikosea wa kumpa uaminifu wake.

Marehemu ameacha mjane, Verlene, mtoto wa kiume, Dwight, wa hapa Detroit, binti, Rochelle, wa Atlanta, wajukuu watano, nami dada yake. Ameacha kitasa kimoja cha dhahabu ya rangi, ambacho Leotis aliomba kiwekwe juu ya jeneza. Nimekubali. Mkono wa Ezell ulivizoea vitasa, akae nacho.

Lakini msafara utakwenda hivi. Nyuma ya jeneza litatangulia gari la Dwight, na Verlene ataketi mbele, pembeni ya mwanawe. Leotis na Tolliver zake watafuata, na ikizimika moja, tutasimama tuwapakie, maana kwetu mtu haachwi kwenye barafu. Dwight, mwanangu, ondoka sasa hivi ukalilete gari hapa mlangoni, watu wote waone. Baba yako alilipanda. Maneno yake ya mwisho aliyasemea humo, akaufunga uadui wake, na hakurudia.

Ezell, kaka yangu, pumzika kwa amani. Hapo ulipo hakuna mstari wa kukukimbiza.