Bi Katarina Ngollo na Kosa Lililowekwa Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi Katarina Ngollo anastaafu baada ya kuutumikia ushirika wetu wa wakulima hapa Tabora kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipofika, wengine tuliiogopa. Yeye akaazima vitabu, akajifunza hadi akawa mhandisi wetu wa programu.

Hakuwahi kusema programu imekamilika kabla karani wa kijijini hajaitumia mbele yake, yeye akiwa amefunga mikono mgongoni asije akamsaidia.

Mwezi Machi, wafuga nyuki wa Usinge walitangaza kutafuta mtu wa kuwatengenezea programu ya kumbukumbu za asali. Walitaka kuona kazi za kila mwombaji mtandaoni. Bi Katarina aliitaka sana nafasi hiyo. Aliniambia kinachomtisha katika kustaafu ni kuamka bila tatizo la kutatua. Lakini kazi zake zote zimo ndani ya mashine zetu. Nje ya geti hili hakuna aliyezijua.

Basi akajenga tovuti yake, akaeleza kila programu kwa mifano ya kubuni. Ukurasa wa kwanza akaweka kosa lake la mwaka 2013. Programu ilimtambua mkulima kwa jina na kijiji tu, na kijijini Goweko walikuwapo akina Ngassa Masanja watatu. Uzito wa tumbaku ya wote ukaingia kwa mmoja. Alikwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba, na bibi mmoja akamcheka: "Mwanangu, kwani umetoka wapi? Hapa tunauliza kwanza, wa mama gani?" Tangu hapo fomu zetu zina nafasi ya jina la mama.

Vijana wa kitengo chake, Damas na Julieth, walimsihi aliondoe. Damas alisema hakuna muuza asali anayeandika kwenye chupa kwamba nyuki wake huuma.

"Acheni," akajibu. "Wajue wanamchukua nani."

Tarehe 12 Juni barua ya Usinge ikafika. Wafuga nyuki waliandika kwamba waombaji wote walionyesha mafanikio. Ni mmoja tu aliyeonyesha alivyorekebisha kosa. Kazi inaanza tarehe 7 Julai.

Asante, Mama Ngollo, kwa subira uliyotufundisha. Tutakukosa kila asubuhi. Nenda kwa amani, uwe na afya njema, na matatizo ya Usinge yawe ya kutosha.