Lenzi ya Mwisho ya Dakta Vöhringer

Lenzi iliyochongwa Aprili kwenye almasi yetu inakusanya chembe ishirini na nane za mwanga kati ya kila mia zinazotolewa na spini moja, mkuu wa maabara hapa Stuttgart, Profesa Ansgar Kienzle, alitangaza Jumatatu. Aliyeichonga, Dakta Heidrun Vöhringer, anastaafu tarehe 30 Septemba baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi.

Kabla ya lenzi tulikuwa tukipata tatu katika mia. Spini hiyo, yaani usumaku mdogo wa elektroni, hukaa kwenye kasoro ndogo kama atomu ndani ya almasi. Ikimulikwa kwa leza ya kijani hutoa mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo tunaisoma. Lakini almasi ni choyo: mwanga mwingi hugonga uso wake bapa na kurudi ndani. Heidrun alishikilia kwamba dawa ni kuchonga kuba dogo juu ya spini yenyewe. Kuba likienda kombo kwa upana wa bakteria, kazi imeharibika.

Mwaka jana lilienda kombo mara mbili. Ikabaki almasi moja, na miezi ya Heidrun kazini ilikuwa inahesabika.

Jaribio la tatu lilitoa mwanga mara kumi na nne ya ule wa awali. Eberhard Nagel, fundi wetu wa leza, alikuwa tayari ameshika chupa ya mvinyo. Heidrun, ambaye hesabu zake hazikuruhusu kuzidi mara kumi, akairudisha kwenye friji.

"Huo ni uchafu unaong'aa, Eberhard. Tuichemshe almasi kwenye asidi."

"Wee Heidrun! Spini ikizimika je? Si tumekwisha?"

"Ikizimika, basi haikuwa yetu."

Ikachemshwa. Mwanga ukapungua hadi mara tisa, ukatulia hapo. Chembe zilikuja moja moja, kamwe si mbili kwa pamoja: ndiyo alama ya spini moja.

"Si mbaya," Heidrun akasema. Kwa Waswabia, wenyeji wa huku Stuttgart, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

"Mmesikia?" Eberhard akapiga kelele. "Mswabia katusifu! Leteni chupa!"

Kipimo kilichokula saa nzima sasa huchukua dakika saba.

Asante, Heidrun. Afya njema na siku ndefu zikufuate. Tutamuaga Ijumaa, tarehe 26, saa sita mchana. Jumatatu, tarehe 6 Oktoba, almasi yake inaanza vipimo vya baridi kali.